Mihogo Iliyomdaka Mwinjilisti

Kijiko kilikuwa kikigonga kikombe. Alfajiri ilikuwa bado. Kavenya alilala macho wazi, akisikiliza. Mumewe, Japheth, alikuwa jikoni akikoroga chai, akikoroga tu, bila kuinywa.

Japheth alikuwa mwinjilisti wa kanisa dogo la Bongwe. Kwaresima yote alifunga mpaka jua lizame. Asubuhi alifungua kanisa kwa maombi. Mchana alizunguka kwa pikipiki kuwaona wagonjwa. Jioni alifundisha watakaobatizwa. Penye msiba, alikesha. Hakumkatalia mtu yeyote, kwani aliamini kwamba mtumishi akichoka amemfungulia shetani mlango.

Sasa Pasaka ilikuwa inakaribia, na kazi ilizidi. Kavenya aliogopa. Mume wake mpole alikuwa akimkaripia mtoto wao Syovata kwa kucheka tu.

Jumapili ya Mitende, katikati ya mahubiri, Japheth alinyamaza. Machozi yakamtoka. Watu wakasimama kwa vigelegele, wakisema mtumishi ameshukiwa na Roho. Mzee Garama, mkuu wa wazee wa kanisa, alifurahi kuliko wote. Alisema mwili ukikonda, roho hunenepa.

Kavenya hakusimama. Aliujua uso ule. Ulikuwa uso wa mtu asiyelala.

Baada ya ibada Japheth alipanda pikipiki aende kumwombea mgonjwa. Njiani usingizi ukamchukua. Pikipiki ikaacha njia, ikaingia katika shamba la mihogo. Alichubuka goti tu. Vijana walisema malaika wamemdaka. Kavenya aliona ni mihogo iliyomdaka, na siku nyingine huenda pasiwe na mihogo.

Hakungoja. Alikwenda kwa jirani yake Bi. Rai, mhudumu wa afya ya jamii. Bi. Rai alimsikiliza, kisha akaja naye akiwa amebeba jagi la uji. Alimmiminia Japheth kikombe.

Japheth alisema amefunga.

"Kwetu Waislamu mgonjwa hafungi," Bi. Rai akamwambia. "Atalipa akipona. Kwenu je, mgonjwa ameruhusiwa kufa?"

Japheth alicheka kidogo, akanywa. Bi. Rai hakumharakisha. Alimwuliza habari za usingizi, za chakula, za hasira. Alimwuliza kama husahau mambo, na kama kazi aliyoipenda bado inampa furaha. Mwisho akamwuliza:

"Mwanangu, ni lini uliomba kwa kutaka mwenyewe, si kwa kuitwa?"

Japheth alikitazama kikombe.

"Sikumbuki, Bi. Rai. Ninaomba, lakini maneno yanatoka tu. Ninaogopa nikisimama sitaweza kuanza tena."

Kavenya alimshika mkono. Hakujua kwamba mumewe naye aliogopa.

Bi. Rai alieleza polepole. Huo ulikuwa uchovu uliopita kiasi. Humpata mtu anayetoa kila siku asipate nafasi ya kujaza. Si dhambi, wala si upungufu wa imani. Dawa yake ni kulala, kula, kupata siku ya kupumzika kila wiki, na kugawana kazi kabla msimu wa kazi nyingi haujafika, si baada ya mtu kuanguka. Usingizi na matumaini visiporudi, ni lazima kumwona daktari.

"Ramadhani msikitini kwetu, imamu akiumwa koo, mwingine anasalisha," akaongeza. "Nyinyi kanisa zima mna koo moja?"

Kesho yake alimsindikiza Japheth zahanati. Alipimwa, akaambiwa aache kufunga na kuendesha pikipiki mpaka apate nguvu.

Lakini wazee walikuwa wakimngojea kwa mikesha ya Pasaka. Kavenya alikwenda kwao mwenyewe. Hakuwa amezoea kusema mbele ya wazee.

"Shikamooni, wazee wangu. Mume wangu hakushukiwa na Roho siku ile. Alikuwa anaanguka, nasi tukampigia vigelegele."

Mzee Garama aliinamisha kichwa. Kisha akasema atahubiri yeye Ijumaa Kuu, ingawa sauti yake ni ya kuwafukuza ndege shambani. Mwalimu wa kwaya akaichukua mikesha. Caroline, mwalimu wa shule ya Jumapili ya watoto, akapewa wagonjwa. Wakakubaliana Jumatatu iwe siku ya Japheth ya kupumzika, na simu yake ikae kwa Mzee Garama.

Japheth alilala. Mara ya kwanza alilala mpaka Syovata akaenda kumchungulia kama anapumua. Siku ya Pasaka alibatiza. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa yake.

Hata hivyo Kavenya hakutulia. Mzee Ndambuki, mmoja wa wagonjwa, aliyekuwa haoni vizuri, alituma neno kwamba hataki kuombewa na msichana. Wagonjwa wakimkataa Caroline, mzigo wote ungemrudia Japheth. Kavenya akafuatana na Caroline.

Mzee aliitikia shikamoo akiwa ameugeukia ukuta. Caroline hakubishana naye. Alichemsha maji, akamkata kucha zilizokuwa ndefu, akamsomea zaburi moja polepole. Alipomaliza alikaa tu. Mzee akaanza kusimulia habari za marehemu mkewe, na Caroline akamsikiliza mpaka mwisho.

Walipoaga, mzee aliunyoosha mkono akiutafuta wa Caroline.

"Mwinjilisti wenu alikuwa akiniombea amesimama, hana nafasi ya kukaa," alisema. "Mwambieni apumzike. Wewe, mwanangu, utakuja tena lini?"