Damu Kwenye Njia ya Mlimani

Kila asubuhi kabla ya shule, Rhona Geddes alikunywa uji wa shayiri akiwa amesimama, akafunga kamba za viatu na kutoka mbio na mbwa wake, Skerry. Balarnoch ni mji mdogo. Barabara yake kuu inaishia majini, na nusu ya watu wake ni wakimbiaji kwa sababu njia zenyewe zinakuita. Ipo ya ufukweni, inayofuata maji ya ziwa mpaka kwenye gati la zamani. Ipo ya reli iliyong'olewa, tambarare, yenye kivuli cha misonobari. Na ipo ya mlimani, inayokatiza malisho ya Mzee Imrie mpaka kileleni, ambako ziwa lote na visiwa vyake vitatu huwa chini ya miguu yako.

Rhona, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, aliipenda hii ya mlimani kuliko zote. Lakini ulikuwa mwezi wa Aprili, kondoo walikuwa wakizaa, na Mzee Imrie alikuwa ametundika ubao langoni: Mbwa wasipite hadi Juni.

"Ukiwa na Skerry ni ufukweni tu," mama yake alimwambia asubuhi ile. "Na kamba usiiachie."

"Sawa, mama."

Alikuwa amesikia vizuri. Ila zilibaki wiki tatu tu kabla ya mbio za kuzunguka ziwa, na rafiki yake Senga Tait alikuwa amemtangulia mara mbili mfululizo mazoezini. Rhona alitaka miguu yenye nguvu, na nguvu zilikuwa mlimani. Akatazama huku na huku, akafungua lango. Walipofika kwenye mwinuko mkali, Skerry alimvuta hovyo karibu amwangushe. Akaifungua kamba.

Skerry alikuwa mbwa mkubwa wa kijivu, mpole nyumbani hata paka alimlalia mgongoni. Alisimama kidogo, akanusa upepo, kisha akachomoka.

Kondoo jike wa kwanza hakupata hata nafasi ya kugeuka. Skerry alimdaka kooni, akamtikisa mpaka akaanguka, akamwacha akitapatapa na kumrukia wa pili, aliyekuwa amesimama mbele ya mwanawe. Rhona alimwita, akapiga mluzi, akamwita tena. Mbwa alikuwa kama hamjui. Rhona alipomfikia na kumkaba shingo kwa mikono miwili, Skerry aligeuka, akamng'ata mkono chini ya kiwiko, akarudi kwa kondoo. Ilipokwisha, wawili walikuwa wamekufa, na mwanakondoo mmoja alikuwa akijiburuta kwenye nyasi, mguu wake wa nyuma umechanika mpaka mfupa unaonekana.

Hapakuwa na mtu mlima mzima. Rhona alimburuta Skerry mpaka kijitoni, akamwosha mdomo na kifua mpaka maji yakaacha kuwa mekundu. Nyumbani alivaa sweta la mikono mirefu, akafunga jeraha kwa kitambaa, akaenda shule. Hakumwambia mtu.

Kufikia saa saba mchana habari zilikuwa zimeenea shuleni. Ishbel, binti wa Mzee Imrie, alikuwa amemlea mmoja wa wale kondoo kwa chupa jikoni kwao, mpaka akakua. Aliketi kwenye bwalo la chakula bila kugusa supu yake. Wenzake walimzunguka, kila mmoja na lake. Mmoja alisema mbwa mweusi wa kina Tait huzurura. Mwingine alidai alimwona karibu na lango wiki iliyopita. Kengele ilipolia, hakuna aliyesema tena "labda." Ilikuwa ni Moss, mbwa wa kina Senga, basi.

Rhona aliyasikia yote hayo akiwa meza ya pili. Mkono ulimpwita ndani ya sweta. Alijiambia kwamba maneno yatapoa.

Jioni wakaenda mazoezini njia ya ufukweni. Mwalimu alikuwa ametangulia gatini na saa yake, hivyo wasichana walikuwa peke yao walipofika kwenye kona ya mawe. Hapo Ishbel akaongeza mwendo, akampita Senga, akamzibia njia.

"Mbwa wako ameua kondoo wangu."

"Moss alikuwa kwenye mnyororo," Senga alisema, akihema. "Baba alimfunga jana jioni, na bado amefungwa."

"Mwongo kama baba yako."

"Mtaje tena baba yangu uone."

Ishbel hakumtaja. Alimpiga ngumi ya pua. Senga aliyumba, akamrudishia moja ya sikio, na wote wawili wakaanguka kwenye changarawe wakikwaruzana na kung'oana nywele. Ishbel alikuwa mkubwa na mzito zaidi. Alimkamata Senga kisogoni, akamburuta mpaka ukingoni mwa ziwa, akamzamisha uso majini. Miguu ya Senga ilirusha maji na changarawe. Ishbel hakumwachia. Wasichana wengine wawili waliokuwa nao walipiga kelele tu. Rhona ndiye aliyemrukia Ishbel mgongoni, na iliwalazimu wote watatu kumvuta ndipo akaachia.

Senga alitoka akikohoa maji, damu ikimchuruzika puani mpaka kidevuni. Alipopata sauti alimgeukia Rhona.

"Waambie. Jana jioni ulikuwa kwetu. Ulimwona amefungwa."

Wote wakamtazama Rhona. Maneno yalikuwa pale pale, kwenye ulimi.

"Jana nilimwona," alisema. "Leo asubuhi sijui."

Senga alimkodolea macho, kana kwamba yeye ndiye aliyempiga.

"Ngoja uone," Ishbel alisema, akilia sasa. "Baba ameshaondoka kwenda kwenu. Ana bunduki."

Senga alianza kukimbia, lakini mbavu zilimuuma, na kila hatua chache alijikunja. Rhona alibaki amesimama kwa pumzi mbili tatu. Kisha akakimbia kuliko alivyowahi kukimbia, akampita Senga bila kumtazama, akakata kuingia njia ya reli. Nyumba ya kina Tait ilikuwa mwisho wa njia hiyo.

Alisikia ukelele kabla hajafika. Uani, baba yake Senga, fundi wa mashua, mwembamba na mpole, alikuwa amesimama mbele ya kibanda cha mbwa, mikono ameitanua. Mzee Imrie alikuwa mbele yake, uso mwekundu.

"Toka hapo, Tait."

"Hajatoka humu, Imrie. Tazama mnyororo mwenyewe. Nipe dakika moja nikueleze."

Mzee Imrie alimpiga kwa kitako cha bunduki. Shavu likapasuka. Tait alipiga magoti, damu ikapita kati ya vidole vyake, na nyuma yake Moss akaruka akibweka mpaka mnyororo ukamkaba. Mzee Imrie akainua bunduki.

Rhona alijikuta kati ya bunduki na mbwa.

"Si yeye," alisema. "Ni Skerry wangu. Mimi ndiye niliyefungua lango, na kamba niliifungua mimi."

"Ondoka hapo, mtoto. Usimtetee."

Rhona alivuta mkono wa sweta. Kitambaa kilikuwa kimeganda, akakibandua. Matundu manne ya meno yalikuwa yamevimba, mekundu na meusi. Mzee Imrie aliyatazama kwa muda mrefu. Kisha akaitazama sura ya Tait, akaishusha bunduki, akatoa risasi mbili na kuziweka juu ya ukuta.

Senga aliingia uani wakati huo. Alimwona baba yake chini, akauona mkono wa Rhona, akaelewa. Alimwendea Rhona, akampiga kofi la mdomo. Rhona alionja damu. Hakuinua mkono kujikinga.

Jioni hiyo polisi walifika. Bunduki ya Mzee Imrie ilichukuliwa na yeye akafunguliwa kesi. Daktari alimshona Tait nyuzi tisa. Wazazi wa Rhona walikubali kulipia kondoo, na kesho yake mama alimwambia waziwazi kwamba mbwa aliyeua namna ile ataua tena. Rhona alimshikilia Skerry kichwa mapajani wakati daktari wa mifugo akimdunga sindano ya mwisho. Mbwa alimlamba mkono uleule aliouuma, kisha akaacha.

Kuanzia hapo, kila alipotoka shule, Rhona alikwenda bandani kwa kina Imrie kuwanyonyesha kwa chupa wanakondoo waliobaki bila mama. Hakuna aliyemlazimisha. Siku za kwanza hakuna aliyesema naye. Ishbel alimwomba Senga radhi mbele ya darasa zima, na mbio za kuzunguka ziwa zilifanyika bila Rhona, kwa kuwa mkono wake ulikuwa umetunga usaha na homa ilimlaza.

Jumamosi moja Senga alikuja bandani. Alisimama mlangoni kitambo, kisha akachukua chupa ya pili na kuketi kwenye nyasi.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Nimekuja kuwaona hawa."

Mzee Imrie alikuwa akitandaza nyasi kavu. Aliegemea uma wake wa nyasi.

"Asubuhi nilikuwa kwa Tait," alisema. "Nilikwenda kumwomba msamaha, na nitakwenda tena. Mbwa alifanya ya mbwa, Rhona. Yote yaliyofuata tuliyafanya sisi watu. Ungekuja mlangoni kwangu asubuhi ile, ningekufokea, ungelia, na mambo yangeishia hapo. Ulinyamaza, na katika nafasi uliyoiacha wazi akasukumwa mtu asiye na kosa. Mimi nami sikuuliza. Mkono uliompiga Tait ni wangu, kosa hilo sikubebeshi wewe. Lakini siku nyingine ukikosea, sema mapema, hata kama sauti inatetemeka. Usingoje mpaka mwingine aanze kuumia kwa ajili yako."

"Ndiyo, mzee," Rhona alisema.

Senga alisogea kidogo kwenye nyasi, akampa Rhona nafasi ya kukaa.