Mchezaji wa Pili

Pedi ya pili ya gemu ilikuwa ya moto. Hafidha aliiokota sakafuni saa nne asubuhi akifagia sebule, akadhani jua la dirishani limeipiga. Lakini pedi ya kwanza, iliyokuwa juani hapohapo, ilikuwa baridi.

Mumewe, Mansuri, mwalimu wa sekondari, alikuwa amechukua likizo. Alikuwa na ukurasa mtandaoni wa kuandikia habari za gemu za zamani: ipi imezeeka vizuri, ipi imechakaa. Wiki hiyo alikuwa ameifuata mashine ya utotoni mwake katika nyumba ya marehemu mama yake, kijijini Mkuyuni, mlimani, akaileta kwao mjini, Mafiga.

"Picha zimechoka," alimwambia mkewe siku ya kwanza, akicheka, "ila ngumi zenyewe bado tamu."

Siku ya tatu hakucheka. Sebule ilinuka udongo wa mlimani uliolowa, na nje hapakuwa na tone la mvua. Mansuri alicheza peke yake, lakini vitufe vya pedi ya pili vililia, ta, ta-ta, ta, na hapakuwa na mkono juu yake.

"Baba Raya, zima," Hafidha alinong'ona.

"Sithubutu. Kila nikishindwa, ananichukulia kitu."

"Kitu gani?"

Mansuri hakuondoa macho kwenye runinga. "Mama yangu aliitwa nani?"

Hafidha aliuchomoa waya ukutani. Runinga haikuzimika.

Kufikia Ijumaa Mansuri alikuwa ameshamsahau mama yake, na Mkuyuni, na shule anayofundisha, na kila alichosahau alikirudia mchezoni akitaka kukikomboa, vidole vimechubuka, macho yamekauka, na kila mzunguko ulipokwisha kitu kilichokaa kando yake kilishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyeshiba. Asubuhi hiyo, Raya, binti yao wa miaka sita, alipokwenda shule, Hafidha alimfuata Bi Mwaisha, mganga wa kisomo.

Bi Mwaisha alifukiza ubani, akasoma, akamnyunyizia Mansuri maji ya kombe, yaliyooshea aya za Kurani bakulini. Mansuri akafungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kitoto.

"Tulikuwa tunacheza, mimi na Mansuri. Akasema anakwenda kula, atarudi. Akahamia mjini. Nimemngoja miaka yote hiyo."

"Toka," alisema Bi Mwaisha.

"Sitoki mikono mitupu."

Bi Mwaisha alimvuta Hafidha mlangoni. "Mwanangu, kumng'oa nitamng'oa. Lakini nikitumia nguvu atasomba kila kilichobaki. Akipewa kimoja kwa ridhaa, atakichukua aende zake."

"Vile alivyokwisha chukua, bibi, vitarudi?"

"Havirudi."

Kutoka kwenye zulia Mansuri aliongea, safari hii kwa sauti yake mwenyewe, bila kugeuka. "Nimebaki na wewe na Raya tu. Usinichagulishe, Hafidha. Nakuomba."

Hafidha aliutazama mgongo wa mumewe ndani ya fulana ya siku nne, akamfikiria mtoto akimkimbilia baba yake na baba akimkodolea macho, akashika mwimo wa mlango.

"Anichukue mimi," akasema.

Vitufe vilinyamaza. Harufu ya udongo ilipanda mpaka ikawakaba koo, bakuli la kombe likapasuka lenyewe, kitu kikampita Hafidha mlangoni, chepesi na chenye joto, kikimgusa mkono kama mtoto anayeaga, na runinga ikazimika.

Mansuri alilala hapo sakafuni hadi saa nane. Raya alipoingia na mkoba wake mgongoni, Mansuri alifumbua macho, akamkumbatia, akalia. "Raya. Raya mwanangu."

Kisha, juu ya bega la mtoto, akamwona mwanamke aliyesimama mlangoni. Akajifuta machozi haraka, akiona haya.

"Samahani, dada. Karibu, kaa. Umekuja na Bi Mwaisha?"

Raya aligeuka kumtazama mama yake.

"Ndiyo," alisema Hafidha. "Nimekuja naye."