Mikeka Miwili ya Mjumbe

Tegeni masikio, wadogo kwa wakubwa. Wakubwa hasa!

Senkondo alikuwa na mtoto. Mtoto wa gunzi la mahindi, mwenye nywele za ndevu za mahindi. Jina lake Kidawa.

Senkondo alimbeba mgongoni kwa kanga. Akamwimbia, "Lala, lala, uji uko jikoni."

Rafiki yake Nakijwa alikuwa na lori la waya. Magurudumu yake yalikatwa kwenye kandambili. Ng'rrr! Ng'rrr! Kona! Pii, pii!

Raha tupu. Mpaka Mama Naetwe, muuza vitumbua, akawaona.

"Yalaa! Mtoto wa kiume kabeba mdoli! Na wewe Nakijwa, lori la nini? Unataka kuota ndevu?"

Fundi Makange wa baiskeli akaacha pampu yake. "Dunia imekwisha," akasema.

Dunia ilikuwa haijaisha. Ilikuwa saa tisa alasiri tu.

Akaitwa Mjumbe wa mtaa, Mzee Kangalu. Akaja na mikeka miwili na kikohozi cha ukubwa.

"Khm! Khm! Mkeka huu, vitu vya wavulana. Mkeka ule, vitu vya wasichana. Leteni vyote!"

Watoto wa mtaa wakaleta vyote.

Mjumbe akainua lori. "Cha wavulana au cha wasichana?"

"Cha kuchezea!" wakajibu watoto.

"Kimya! Cha wavulana." Pu! Lori likatua mkekani.

Akamwinua Kidawa. "Cha wavulana au cha wasichana?"

"Cha kuchezea!"

"Kimya! Cha wasichana." Pu!

Senkondo akasogea mbele. "Shikamoo, Mjumbe. Huyo ni mtoto wangu. Usiku atalala na nani?"

"Marahaba. Mkeka ni mkeka," akasema Mjumbe. "Rudi nyuma."

Senkondo akarudi nyuma. Mgongo wake ukawa mwepesi. Mwepesi vibaya.

Mjumbe akainua kamba. "Cha wavulana au cha wasichana?"

"Cha kuchezea!"

"Cha wasichana," akasema Mama Naetwe.

"Ati nini?" Fundi Makange akaruka. "Kamba? Mimi nilikuwa bingwa wa kamba! Lete hapa!"

Pwa! Pwa! Pwa! Kitambi juu, kitambi chini. Pwa! Pwa!

Mjumbe akainua gololi. "Khm! Hizi za wavulana."

"Za nani?" Mama Naetwe akafunga kanga kiunoni. "Niliwafilisi wavulana wa mtaa mzima, mimi! Sogea, Mjumbe."

Akapiga magoti mavumbini. Akafumba jicho moja. Ta! Gololi ikagonga gololi.

"Bahati tu hiyo!" akasema Fundi.

"Bahati? Weka nyingine uone!" Ta!

Vitumbua vikaungua. Baiskeli ya mteja ikakaa bila tairi. Mikeka ikakunjamana, vitu vikachanganyika, na hakuna mkubwa aliyeangalia.

"Shikamoo, Fundi," akasema Nakijwa. "Naomba lori langu."

"Marahaba. Raundi moja tu!" akasema Fundi, akilisukuma lori. Ng'rrr!

"Mama Naetwe, gololi zetu."

"Ngoja nimalize mchezo!" Ta!

Watoto wakangoja. Jua likashuka. Njaa ikauma.

Nakijwa akachoka. Akashika kiuno. Akapaza sauti kama mama wote wa mtaa ule.

"Haya, basi! Giza linaingia! Mmejaa vumbi mpaka masikioni! Kaogeni, mle, mlale!"

"Kidogo tu," akalia Fundi.

"Hakuna kidogo! Nihesabu?"

Fundi akaacha lori. Mama Naetwe akarudisha gololi, moja moja, midomo imevimba. Wakaondoka wakiburuta miguu.

Lakini Kidawa hakuwepo. Si mkeka huu, si mkeka ule.

Senkondo akatafuta huku na huku, machozi yakimlengalenga.

Nyuma ya banda la vitumbua akasikia sauti nzito, ya chini kabisa. "Lala, lala, uji uko jikoni."

Alikuwa Mjumbe. Amejifunga koti lake mgongoni. Ndani ya koti, Kidawa.

"Mjumbe," akasema Senkondo, "naomba mtoto wangu."

"Shhh!" Mjumbe akaweka kidole mdomoni. "Ndiyo kwanza amelala."

Wakafungua koti polepole. Wakamhamisha polepole, kutoka mgongo mkubwa kwenda mgongo mdogo. Kidawa hakuamka.

Mjumbe akakohoa, kikohozi kidogo safari hii. "Khm. Kesho naweza kuja kumwona?"

Senkondo akafikiri. "Njoo," akasema. "Ila unawe mikono kwanza."

Akaenda zake nyumbani na mtoto wake, kulala.