Kikopo cha Mideva

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mideva alivuka kijito akampelekea uji nyanya yake mzaa mama. Jumatatu hiyo bakuli lilikuwa bado limejaa alipokuja kulichukua. Nyanya alikohoa huku ameshika ubavu, pumzi zikimtoka fupi fupi. Dawa alizopewa zahanati wiki iliyopita hazikuwa zimemfaa hata kidogo. Babake Mideva, Mzee Willis, akaazima gari la jirani, wakaondoka Khayega kwenda hospitali mjini Kakamega.

Daktari alikisikiliza kifua cha nyanya, akasema anashuku nimonia. Kwa kuwa dawa za kwanza zilishindwa, alitaka kujua ni bakteria gani waliokuwa wakimsumbua mgonjwa. Wakapewa kikopo cha kutilia makohozi.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Mzee Willis alikuwa ameketi benchi la pili tu. Kwao, mama mkwe na mkwewe huheshimiana sana. Hawali meza moja, sembuse kutema makohozi wakitazamana.

"Siwezi kujiaibisha mbele ya mkwe wangu," nyanya alinong'ona. "Fanya unavyojua, mjukuu wangu."

Mideva alimpenda nyanya yake kuliko alivyoweza kueleza. Akazunguka nyuma ya ukuta, akatema mate yake mwenyewe kikoponi, akafunika na kukipeleka maabara. Akajiona mjanja kweli.

Baada ya muda alitokea Bi Alice, mtaalamu wa maabara, mama mwembamba mwenye sauti ya upole. Akamwita Mideva kando.

"Nimetazama kwa hadubini," alisema. "Nimeona chembe za mdomo tu. Kutoka mapafuni hakuna kitu. Ningeandika kwamba sikuona bakteria wa nimonia, daktari angepotoka, na nyanya yako angeumia. Hiki kikopo kilijazwaje?"

Mideva aliona haya, machozi yakamlengalenga. Lakini alipomkumbuka nyanya akishika ubavu, alisema ukweli wote bila kuficha.

Bi Alice hakumkaripia. Alikwenda kuzungumza na Mzee Willis, naye mara akainuka, akasema kiu ya chai imemshika, akatoka nje bila kugeuka nyuma. Mideva alimheshimu babake siku hiyo kuliko siku zote. Nyanya akasukutua kwa maji, akavuta pumzi ndefu, akakohoa kutoka kifuani kabisa, akatema katika kikopo kipya.

Alasiri, Bi Alice alimruhusu Mideva kuchungulia kwenye hadubini. Aliona bakteria waliotiwa rangi, vidoa vya zambarau, viwili viwili, kama mbegu zilizopandwa pamoja. Alistaajabu kwamba vitu vidogo hivyo viliweza kumlaza mtu mzima.

"Hata kipimo kizuri huweza kukosea," Bi Alice alimweleza. "Ndiyo maana daktari husikiliza kifua, hutazama picha ya mapafu, na sisi huotesha bakteria siku mbili tuhakikishe. Lakini tukipewa kitu cha uongo, ujuzi wetu wote ni bure."

Daktari alibadilisha dawa jioni hiyo, na majibu ya siku mbili baadaye yakakubaliana na ya kwanza. Wiki ya pili nyanya alikuwa nyumbani, na Mideva akapokea bakuli tupu, limekombwa hadi chini.

"Ulinidanganyia kwa upendo, nami ndiye niliyekutuma," nyanya alisema akimshika mkono. "Usirudie, nami sitarudia. Heshima ni njema, mjukuu wangu, lakini mapafu hayana mkwe."