Nani Anapiga Mluzi?

Raya aliishi Muheza na Bibi na Babu.
Mama yake alikuwa Morogoro, akisomea uuguzi.

Jioni hiyo, salamu za Mama zingesomwa redioni.
Raya alikaa karibu na redio. Karibu kabisa.

Wiii! Wiiiii!

"Raya!" Bibi aliita kutoka jikoni. "Nani anapiga mluzi ndani? Unataka nyoka waje?"
"Si mimi, Bibi!"

Raya aliziba mdomo kwa mikono miwili.
Wiii! Wiiiii!

Bibi alichungulia, mwiko mkononi. "Kumbe ni hii transista!"

"Redio," alisema Babu taratibu. "Hiyo ni redio. Transista imo ndani yake."
"Haya, bwana majina. Itengeneze basi, salamu zisitupite!"

Babu aliizima redio, akashika bisibisi. Kri, kri, kri. Redio ikafunguka.

Alionyesha kidude kidogo kama punje ya mahindi. Kilikuwa na miguu mitatu.
"Hii ndiyo transista. Sauti huingia ndogo, hutoka kubwa."

"Na mluzi?" aliuliza Raya.
"Ndani ya transista mna ukuta mwembamba. Huku pana umeme, na kule pana umeme."

Babu alitundika kanga kwenye kamba.
"Raya, simama huku. Bibi, simama kule."
"Na mchuzi wangu?" alisema Bibi. Lakini alisimama.

Raya aligusa kanga kwa kiganja.
"Wewe!" Bibi aliruka. "Unanitekenya!"
"Lakini sijavuka, Bibi! Niko huku!"

Gusa huku, kule kunatikisika.

Bibi naye akagusa. Kanga ikamfikia Raya puani. Chya!

Gusa kule, huku kunatikisika.

"Ndivyo ilivyo transista," alisema Babu. "Umeme wa huku hauvuki, lakini kule huhisi. Sauti kubwa ikitoka, hutikisa ukuta. Basi hurudi ilikoingia, ikatoka tena, ikarudi tena. Mwisho inapiga mluzi."

"Tuuondoe ukuta!"
"Bila ukuta, hakuna transista."

Raya aliitazama redio. Nje giza lilianza kuingia. Salamu za Mama je?

"Bibi," alisema polepole, "sukuma tena."
Bibi alisukuma. Raya naye alisukuma, kinyume.
Kanga ikatulia. Tuli!

Babu alitabasamu. "Hapo sasa! Hata redio ina wa kusukuma kinyume. Ni huyu hapa, kando ya transista, anaitwa kapasita."
Aliinama. "Ahaa. Mguu wake mmoja umeachia."

Babu aliuchomea mguu mahali pake kwa chuma cha moto. Tsss!
Kri, kri, kri. Redio ikafungwa.

Raya aliiwasha.
Hakuna mluzi.

"Salamu zimfikie Raya, Muheza," ilisema redio, "kutoka kwa mama yake, Morogoro. Ujumbe wake: mbali si kuachana."

"Ni mimi!" alisema Raya. "Huyo Raya ni mimi!"
Mama alikuwa kule. Lakini moyo wa Raya ulitikisika huku.

Walikula wali na mchuzi. Mchuzi ulikuwa umeungua kidogo tu.

Raya alilala. Kanga sasa ilining'inia kati ya kitanda chake na cha Bibi.
Aligusa huku. Bibi akagusa kule.

Wiii! Wiiiii!

"Nani anapiga mluzi?" alinong'ona Bibi.
Si Raya. Si redio.
Ilikuwa pua ya Babu, amelala fofofo.