Klabu ya Mashati Mazuri

Mtaa mzima ulimwita Pindo, na wengi hawakulijua hata jina lake la kuzaliwa. Alikuwa fundi cherehani. Nguo haikutoka dukani kwake kama pindo lake limekwenda upande. Mteja angesema, "Basi fundi, inatosha." Yeye angefumua na kushona upya.

Alikaa kwenye cherehani tangu asubuhi mpaka jioni. Vilivyofanya kazi mwilini mwake ni mikono na miguu ya kukanyagia, basi. Siku moja alikwenda kliniki kupima afya. Muuguzi akamwambia sukari yake imepanda. Haijawa ugonjwa bado, lakini imefika mlangoni. Apunguze vitu vitamu, aushughulishe mwili karibu kila siku, arudi baada ya miezi mitatu.

Pindo alirudi nyumbani amenywea. Mama yake mzazi aliugua kisukari. Hakutibiwa mapema, na macho yakapotea. Naye alikuwa fundi cherehani. Miaka yake ya mwisho alikuwa akishika kitambaa na kukipapasa tu. Pindo hakuogopa kifo kama alivyoogopa giza lile.

"Fundi asiyeona tundu la sindano ni fundi gani?" alimwuliza mumewe.

Mumewe alikuwa mpishi wa shule. Alikuwa na baiskeli stoo. Akaitoa, akaifuta vumbi, akamwambia mkewe aanze nayo. Pindo alijua kuendesha tangu usichana wake. Shida ni kwamba akiwa peke yake alichoka upesi na kurudi upesi. Visingizio navyo havikuisha: leo kuna upepo, leo kuna mteja. Mwishoni akakata shauri kutafuta klabu, apate wenzake wa kumtoa ndani.

Sasa hapa fundi wetu alifanya kosa ambalo ni fundi cherehani tu angeweza kulifanya. Jumamosi moja aliwakuta waendesha baiskeli wamesimama kwenye kituo cha mafuta. Mashati yao mekundu yaliwakaa sawasawa, na zipu zimenyooka. Pindo akamsogelea mmoja, mwanamume mzima asiyemjua. Akashika pindo la shati lake, mwenyewe akiwa amelivaa, akaligeuza aone upande wa ndani. Mshono ulikuwa safi kabisa.

Watu wenye mashati kama haya ni watu makini, akasema moyoni. Akaandikisha jina na namba yake ya simu papo hapo. Hakuuliza wanakwenda umbali gani wala kwa mwendo gani.

Jumamosi iliyofuata waliondoka mapema. Dakika kumi za kwanza Pindo alijikaza kisabuni. Dakika kumi za pili aliyaona mashati mekundu yakizidi kuwa madogo mbele yake. Kwenye mlima wa kwanza hakuona shati hata moja. Halafu gurudumu la nyuma likaisha upepo. Hakuwa na pampu wala tyubu ya akiba. Hakuwa na namba ya simu ya mtu yeyote kule mbele. Akaikokota baiskeli saa moja na nusu hadi nyumbani, koo limemkauka, machozi ya hasira yanamtoka.

Jioni kiongozi wa klabu alimpigia simu kumpa pole. Akamweleza kwa upole kwamba wao wanajiandaa kwa mashindano, kwa hiyo hawasubiriani. Hakuwa mtu mbaya. Hakumdanganya Pindo, ila Pindo hakumwuliza.

Siku nne baiskeli ililala doro. Siku ya tano mumewe aliikokota mwenyewe mpaka kwa jirani yao, fundi baiskeli mwembamba aliyeitwa Spoki. Pindo akafuata nyuma amenuna. Spoki alikuwa rafiki wa mumewe, hivyo yeye na Pindo waliitana shemeji, na utani haukukosekana kati yao. Aliposikia habari ya kugeuza shati la watu, alicheka mpaka akaweka spana chini.

"Shemeji, wewe unaweza kununua cherehani kwa kuangalia rangi?"

"Thubutu."

"Sasa mbona klabu umeichagua hivyo?"

Pindo akacheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi. Spoki akaendelea kuziba tyubu huku akimweleza. Klabu si zote sawa. Wapo wanaotaka kushindana, wapo wanaotaka afya, wapo wanaotaka kupiga soga njiani. Kwa hiyo uliza kwanza: mnakwenda umbali gani, kwa mwendo gani, na mtu akibaki nyuma mnafanyaje? Kisha nenda nao mara moja au mbili kama mgeni, kabla ya kuandika jina.

"Na usiwaangalie wakiondoka," Spoki alisema. "Wakiondoka wote wanapendeza. Waangalie wakirudi."

Jumapili wakaenda wote watatu. Walisimama kando ya uwanja ambapo klabu mbili humalizia safari. Klabu ya kwanza ilirudi vipandevipande: wanne, kisha mmoja, kisha wawili wanaogombana. Klabu ya pili ilichelewa, lakini ilirudi nzima, watu kumi na mmoja. Mbele alikuwepo mzee mnene aliyepiga pedali taratibu, na wengine walifuata mwendo wake. Nyuma kabisa alikuwepo mama mwenye kizibao cha njano. Mashati yao, masikini, hayakufanana, na mengine yalikuwa yamefumuka. Pindo aliyaona yote. Safari hii aliuma ulimi, akaenda kuuliza maswali.

Mama wa kizibao alikuwa muuzaji wa duka la dawa. Alijibu moja baada ya jingine. Mwendo wao ni wa yule aliye taratibu kuliko wote, ndiyo maana mzee hutangulia. Wanakwenda kilomita kumi na tano. Yeye hukaa nyuma na pampu, na haruhusiwi mtu kubaki nyuma yake.

"Ukisimama, nasimama," alisema. "Nikisimama, napiga filimbi, na wote wanasimama."

Pindo alianza kama mgeni. Alivaa kofia ngumu ya kuazima, akabeba chupa ya maji. Walimfundisha kwenda kwa mstari, kuacha nafasi kati yake na gurudumu la mbele, na kuonyesha shimo kwa mkono ili wa nyuma alione. Pamoja na hayo yote, alifanya yake. Aliona gauni limeanikwa uani kwa watu, lina mkato mpya, akafunga breki ghafla alitazame. Aliyekuwa nyuma nusura ampande mgongoni. Mama wa kizibao hakumung'unya maneno. Alimwambia kwamba hivyo ndivyo watu wanavyovunjika mikono. Ukitaka kusimama, inua mkono, waambie wenzako, kisha punguza mwendo polepole. Pindo aliona haya, akaomba radhi, na hakurudia tena.

Baada ya safari ya pili aliandikisha jina. Jumatano na Jumapili alikwenda na klabu. Siku nyingine alizunguka na mumewe, ambaye pia alipunguza sukari kwenye chai ya nyumbani bila kuomba ruhusa. Visingizio vikaisha. Utajificha vipi wakati watu kumi na mmoja wanakungoja kwenye kona?

Miezi mitatu ikatimia. Pindo akarudi kliniki, roho juu. Muuguzi akapima, akasema sukari imeshuka, imerudi pa kawaida. Aendelee hivyo hivyo, na asiache kuja kupima.

"Rudia," Pindo alisema.

Muuguzi akarudia.

"Rudia tena."

Muuguzi akacheka, akamgeuzia karatasi. Pindo akaisogeza dirishani. Maandishi yalikuwa madogo na wino ulikuwa hafifu. Akaweka kidole chini ya tarakimu ya kwanza, kisha ya pili. Akazisoma zote mwenyewe, kwa macho yake.