Kazi Aliyoitaka Gharibu

Kulthumu binti Sheikhan aliishi katika kisiwa cha Chovai, pwani ya kusini mwa Somalia, pamoja na mumewe, Zubeiri, na watoto wao wawili. Wa kwanza alikuwa Gharibu. Wa pili alikuwa msichana, Hafswa.

Kila asubuhi Kulthumu alipika anjera, mikate laini ya maji, na kuchemsha chai. Wakishakula, Zubeiri alikwenda kuzamia kamba wakubwa wa kwenye miamba. Kulthumu alikaa barazani kusuka mikeka. Samaki na kamba wa Chovai walipelekwa mjini Kismayo kuuzwa. Kama barafu haikupatikana, wengine walifika wameshaharibika, wakatupwa.

Gharibu alipenda kufungua vitu. Alifungua redio ya jirani, akaiunganisha tena, ikasema. Alipokuwa na miaka kumi na mitano, mashine ya boti ya baba yake iligoma ufukweni. Gharibu akaifungua, akasafisha vyuma vyake kimoja kimoja. Ilipowaka, Zubeiri alicheka kwa furaha.

"Huyu si mchu wa kuzamia," alimwambia mkewe kwa Kibajuni, ambamo mtu huitwa mchu. "Huyu ni mchu wa mashine."

Kulthumu hakucheka. Yeye alikuwa na mawazo mengine juu ya mwanawe.

Gharibu alisoma sekondari Kismayo, akikaa kwa Barke, dada yake Kulthumu. Alipomaliza alirudi Chovai, akaketi karibu na mama yake barazani.

"Mama, mimi nataka kusomea mashine," alisema. "Za boti, za barafu, za umeme. Zote."

"Ushinde na mafuta meusi mpaka kwenye kucha?" Kulthumu aliuliza. "Baba yako ameuchosha mwili wake ili wewe ukae kwenye kiti. Utasoma kompyuta. Mtoto wa jirani yetu Ummi anasoma kompyuta. Mtaa mzima wa Barke wanasoma kompyuta."

"Ndiyo shida yenyewe, mama. Wote wanasoma hiyo hiyo."

"Basi na wewe haitakushinda."

Gharibu alikubali. Hakuwa mtoto wa kubishana na mama yake.

Alisoma kompyuta mwaka mzima katika chuo kimoja kidogo mjini. Alipata cheti chenye muhuri. Siku alipokileta Chovai, Kulthumu alipiga vigelegele, ingawa hakujua kusoma hata neno moja lililoandikwa pale.

Kisha Gharibu akaanza kutafuta kazi. Aliandika barua nyingi. Alikwenda bandarini, sokoni, maofisini, madukani. Ofisi moja ilitangaza nafasi ya karani mmoja. Walikuja vijana zaidi ya mia. Wengi wao walikuwa wamesoma naye darasa moja.

"Una uzoefu?" waliulizwa mmoja mmoja.

Hakuna aliyekuwa nao. Chuoni walikuwa wakiangalia kompyuta moja watu kumi.

Mwaka ukaisha. Gharibu akarudi Chovai. Hakuna aliyekuwa na kompyuta kisiwani, na umeme ulikuwa wa taa mbili tatu za jua. Akawa anakaa ndani. Chakula alikigusa tu. Mama yake alipomwita, aliitikia, lakini macho yake hayakumtazama.

Asubuhi moja aliaga kuwa anakwenda Kismayo. Baada ya siku tisa Barke akapiga simu akilia. Gharibu hakuwa kwake. Alikuwa ameondoka na vijana wenzake kwenye tahribu, ile safari ya magendo ya kupita majangwani mpaka Libya, kisha kuvuka bahari kwenda Ulaya.

Gharibu alimpigia mama yake mara moja tu. Sauti yake ilikuja kwa mbali.

"Mama, nisamehe."

"Rudi, mwanangu. Rudi nyumbani. Sikuombi kitu kingine."

"Nikirudi nitafanya nini, mama?"

Kulthumu aliibana simu sikioni. Simu ikakatika.

Katika mwezi wa Rajabu kijana mmoja wa Kismayo aliyekuwa safari moja naye alipiga simu kwa Barke. Boti yao ilikuwa imejaa kupita kiasi. Mashine ilizimika katikati ya maji, mawimbi yakaipindua. Watu wachache waliokolewa. Gharibu hakuwa miongoni mwao.

Hapakuwa na maiti ya kuosha. Hapakuwa na kaburi la kuchimba. Watu wa Chovai walimsalia msikitini sala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo. Wanawake walikaa na Kulthumu siku tatu, kisha wakarudi makwao. Kulthumu akabaki na nguo za mwanawe. Alizifua, akazianika, akazikunja. Wiki iliyofuata alizifua tena.

Zubeiri alimkuta ufukweni akikamua shati ambalo halikuwa na uchafu wowote.

"Kulthumu, inatosha," alisema taratibu.

"Mimi ndiye niliyemchagulia," Kulthumu alisema. "Aliniambia anachotaka. Alinifungulia mdomo wake akaniambia. Mimi nikamchagulia."

Zubeiri alichuchumaa karibu naye, akashika ncha ya pili ya shati. Walilikamua pamoja.

Miaka miwili ilipita. Hafswa naye akamaliza sekondari. Alipotaja habari ya kwenda kusoma zaidi, mama yake alisimama.

"Masomo yamemuua kaka yako," alisema. "Katika nyumba hii hayatajwi tena."

Hafswa aliingia ndani akilia.

Mwezi uleule mwanamke mmoja alifika Chovai kwa boti ya wavuvi. Jina lake lilikuwa Zaituni. Alifanya kazi katika kituo kipya cha mafunzo ya ufundi Kismayo. Alikuwa na daftari, na alipita nyumba kwa nyumba akiuliza maswali. Alipofika kwa Kulthumu alivua viatu, akasalimu.

"Bi Kulthumu, naomba kukuuliza. Hapa kisiwani ni kitu gani huharibika, na nani hukitengeneza?"

Kulthumu alimtazama kwa hasira. "Nyinyi watu wa vyuo! Mwanangu mlimpa karatasi. Karatasi ile haikumpa hata kikombe cha chai. Sasa yuko chini ya bahari. Unataka nikupe na huyu wa pili?"

Zaituni alifunga daftari. Hakujitetea. Aliketi chini kwenye mkeka.

"Nieleze habari zake," alisema.

Kulthumu hakutaka kueleza. Lakini tangu msiba ule hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza. Wote waliogopa kulitaja jina la Gharibu. Akaeleza yote, tangu redio ya jirani hadi simu ya mwisho. Zaituni alifuta machozi kwa ncha ya mtandio wake.

"Mungu amrehemu," alisema. "Bi Kulthumu, kompyuta haikuwa na kosa. Ni kazi njema, pale palipo na mtu anayeihitaji. Lakini vyuo vilifundisha kile kilichokuwa rahisi kufundisha. Wazazi tukachagua kile chenye sifa mtaani. Wenye kazi, wale watakaowaajiri watoto wetu, hakuna aliyewauliza wanahitaji nini. Ndiyo maana sasa tunauliza kwanza, halafu ndipo tunafungua darasa."

"Maneno mazuri," Kulthumu alisema. "Na wale wa kwanza pia walikuwa na maneno mazuri."

"Kweli. Basi usiniamini. Twende Kismayo, ukaulize mwenyewe."

Kulthumu alikataa. Siku ya pili alikataa tena. Siku ya tatu Zubeiri alimwambia, "Nenda. Kuuliza hakuwezi kutuumiza zaidi ya tulivyoumia." Akajifunga buibui, akamchukua Hafswa, wakaondoka.

Mjini, Zaituni aliwapeleka soko la samaki. Nyuma ya soko palikuwa na nyumba ya barafu ya bwana mmoja aitwaye Mahmudi. Mlangoni palikuwa na rundo la nguru waliooza. Nzi walikuwa wengi. Vibarua wawili walikuwa wakiwapakia kwenye mkokoteni kwenda kutupa.

"Kwa nini mnatupa samaki wote hawa?" Kulthumu aliuliza.

"Mtambo wa barafu umekufa, mama," Mahmudi alijibu. Alikuwa amechoka, na ndevu zake zilikuwa timutimu. "Fundi wangu hutoka Mogadishu. Nikimwita leo, huenda akaja baada ya wiki tatu. Watu wa hospitali nao wana friji za chanjo, wanamngoja huyohuyo. Wenye mabucha pia."

"Kismayo nzima hakuna fundi?"

"Yuko mzee mmoja, Fundi Omar. Mmoja tu, na macho yake yamepungua nguvu."

"Na vijana waliosoma je?"

Mahmudi alivuta droo ya meza. Ilikuwa imejaa barua. "Hawa hapa. Kompyuta, kompyuta, uongozi wa biashara, kompyuta. Watoto wazuri, wenye adabu. Mimi ningewapa kazi gani? Nahitaji mtu atakayeufungua mtambo huu akaufunga ukafanya kazi."

Hafswa aliziangalia barua zile. Alipekua moja, ya pili, ya tatu. Halafu mkono wake ukasimama.

"Ni nini?" mama yake aliuliza.

Hafswa aliisoma barua hadi mwisho.

"Hafswa, mimi sijui kusoma. Ni nini?"

"Ni ya kaka," Hafswa alisema. "Gharibu Zubeiri, wa Chovai. Ameomba kazi ya karani."

Kulthumu aliichukua ile karatasi. Akaishika kwa mikono miwili. Mwanawe alikuwa amesimama mahali pale pale, mbele ya mtambo ambao angeweza kujifunza kuutengeneza. Alikuwa ameomba kazi isiyokuwepo, kwa sababu hiyo ndiyo aliyochaguliwa na mama yake. Akaiegemea meza ya Mahmudi. Zaituni akamkalisha kwenye kreti la samaki. Mahmudi, ambaye hakuelewa kisa, alimletea maji, akasimama pembeni kwa heshima.

Kulthumu aliyanywa yale maji. Kisha Kulthumu akajifuta uso.

"Kituo chako kitafundisha kazi hii?" alimuuliza Zaituni.

"Tunaanza mwezi ujao. Siku tatu darasani, siku tatu kazini, hapa hapa kwa Bwana Mahmudi, chini ya Fundi Omar."

"Watashika vyuma kwa mikono yao, au wataviangalia ubaoni?"

"Watavishika."

"Na wakimaliza?"

Mahmudi ndiye aliyejibu. "Mimi nitamchukua wa kwanza kwa mikono miwili."

"Umeuliza vizuri, Bi Kulthumu," Zaituni alisema. "Kila mzazi na aulize hivyo kabla ya kutoa ada. Na akiulize chuo, waliomaliza mwaka jana wako wapi sasa? Wakishindwa kumtajia hata mmoja, amrudishe mtoto nyumbani. Limebaki swali moja, na hilo si la kuniuliza mimi."

Kulthumu alilijua. Akamgeukia binti yake. Akamshika mkono.

"Hafswa, wewe mwenyewe unataka kazi gani?"

Hafswa alitazama mtambo, akatazama rundo la samaki mlangoni.

"Hii," alisema. "Lakini ninaogopa watu watanicheka, mimi msichana."

"Wacheke," Kulthumu alisema.

Na kweli walicheka. Wachuuzi walimwita Hafswa bibi wa barafu. Alijifunza miezi tisa, akikaa kwa mama yake mdogo Barke. Fundi Omar alikuwa mkali. Alimfanya afungue kompresa moja, ile pampu inayosukuma gesi ya ubaridi, mara kumi na mbili, mpaka akaijua kama anavyoijua njia ya nyumbani. Macho ya mzee yalikuwa hafifu, kwa hiyo Hafswa alimwelezea kila anachokiona. Kwa kueleza, akazidi kuelewa.

Siku moja boti nyingi ziliingia pamoja, zimejaa samaki, na mtambo ukazimika. Mahmudi alishika kichwa. Hafswa alipaka povu la sabuni kwenye mabomba, akatazama. Mahali pamoja povu likatoa mapovu madogo. Gesi ilikuwa inavuja hapo. Fundi Omar alisimama nyuma yake bila kushika kitu, naye Hafswa akaliziba tundu, akajaza gesi, akawasha. Kabla ya alasiri barafu ilianza kudondoka. Siku ile hakuna mkokoteni uliokwenda kutupa samaki. Wachuuzi waliacha kumwita bibi wa barafu. Wakaanza kumwita fundi.

Mahmudi alimwajiri. Baadaye hospitali nayo ilimwita kwa friji za chanjo. Masanduku ya barafu yakaanza kupelekwa Chovai kila wiki, na kamba wa Zubeiri hawakuharibika tena njiani. Kati ya wenzake watano waliosoma naye, wanne walipata kazi mwaka uleule.

Kulthumu alimshukuru Mungu. Lakini kila alipomsikia mtu akimsifu binti yake, moyo wake ulifurahi upande mmoja na kuuma upande wa pili. Hakumficha Hafswa jambo hilo. Hafswa alisema, "Hata mimi, mama. Kila siku nikiwasha mtambo."

Zaituni akamwomba afuatane naye visiwani, azungumze na wazazi. Mwanzoni Kulthumu alisema hawezi. Kisha akaenda.

Kisiwani Fuma wanawake walikusanyika uani kwa mama mmoja aitwaye Rukia. Kulthumu alieleza habari za Gharibu mwanzo hadi mwisho. Hakujipunguzia kosa. Alipomaliza, wanawake walitazamana. Mtoto mchanga alilia, mama yake akamnyonyesha.

Rukia ndiye aliyesema kwanza. Yeye alikuwa ameshaamua binti yake asomee ushonaji, kama binamu zake wote.

"Mwanalima!" aliita kuelekea jikoni. "Acha hivyo vyombo, uje."

Msichana alitoka akijikausha mikono. Aliwaona wanawake wote wakimtazama, akasita mlangoni.

"Kaa hapa karibu yangu," Rukia alisema. "Sijakuuliza hata siku moja. Niambie, mwanangu, wewe unapenda kazi gani?"

Mwanalima akaanza kueleza. Kwanza kwa aibu, kisha kwa haraka. Kulthumu alimsikiliza mpaka mwisho, kama alivyopaswa kumsikiliza Gharibu, halafu akavuta ushungi wake, akaufunika uso.